Akiba Haiozi: Wajibu Wetu wa Kutunza Nakala za Kumbukumbu



Tafakari ya juma hili inahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa la mafundi kuliko la waamini, nalo ni wajibu wa kutunza nakala za ziada za picha, sauti na hati zetu zilizohifadhiwa katika simu na kompyuta. Naliandika kwa sababu naamini kwamba ni jambo la uwakili mwema, ni jambo la haki kwa wale wanaotutegemea, na hatimaye ni jambo la upendo. Simu ni mali ya mtu mmoja, lakini yaliyomo ndani yake mara nyingi ni mali ya wengi. Mtu anayeyaacha yapotee kwa uzembe hajidhulumu peke yake.

Tutazame hali yetu ilivyo. Miaka 25 iliyopita picha za familia zilikaa katika albamu sebuleni, na mgeni alipewa azitazame wakati chai inachemka. Vyeti na mikataba vilifungwa ndani ya sanduku la bati. Walimu wa kwaya waliandika nyimbo zao katika madaftari, na katibu wa jumuiya alitembea na daftari la michango kwapani. Leo karibu vyote hivyo vimehamia ndani ya kifaa kinachoingia mfukoni. Hatuna sababu ya kulalamika, maana teknolojia hii imeturahisishia mengi. Ila tulipohamisha mali zetu kutoka sandukuni kwenda mfukoni, wengi wetu hatukuhamisha pamoja nazo ule uangalifu wa wazee wetu. Sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulijulikana ulipo.

Sote twajua jinsi mambo yanavyotokea. Simu huibwa ndani ya daladala. Huanguka kwenye ndoo ya maji. Umeme hukatika, ukarudi kwa nguvu na kuunguza kompyuta. Kadi ya kumbukumbu hufa bila kuaga, na mtoto hubonyeza asichokijua. Simu ikigoma kuwaka, fundi huomba ruhusa ya kuiflashi, maana yake kufuta kila kilichomo ili ianze upya. Mwenye simu hukubali kwa kuwa hana njia nyingine. Watu husema ajali haina kinga. Ni kweli kwamba hatuwezi kuizuia kila ajali, lakini wahenga hao hao walituachia pia usemi wa tahadhari kabla ya hatari. Kifaa kuharibika ni ajali. Kupoteza kila kitu kwa sababu kilikuwa mahali pamoja tu, hilo si ajali. Ni matokeo ya uamuzi ambao hatukuufanya.

Tazameni ajabu yetu. Tunanunua kava la simu na kioo cha kuikinga isipasuke, lakini yaliyomo ndani hatuyawekei kinga yoyote. Simu ikivunjika, duka litauza nyingine kesho asubuhi. Sauti ya bibi akisimulia jinsi ukoo ulivyohamia hapa kijijini haiuzwi dukani. Picha pekee ya mtoto aliyefariki akiwa na miezi mitatu haichapishwi upya kama hakuna mahali ilipobaki.

Katika misiba tunaliona jambo hili kwa macho yetu. Familia inatafuta picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza, na tarehe na majina ya kuandika katika wasifu wake. Simu ya marehemu imefungwa kwa namba ya siri aliyoijua peke yake. Watoto wanaishia kukata uso wake kutoka katika picha ya kundi iliyopigwa harusini miaka mingi iliyopita. Baada ya maziko hufuata mambo mazito zaidi: mkataba wa kiwanja uko wapi? Risiti za malipo je? Ni nani aliyekuwa anadaiwa? Mjane au mgane aliye katika majonzi hulazimika kusumbuka kutoka ofisi hadi ofisi akitafuta yale ambayo nakala moja tu, iliyowekwa kwa mtu mwaminifu, ingemwonyesha. Picha ya hati haichukui nafasi ya hati halisi, lakini humwonyesha mhusika namba, tarehe na majina, akajua aanzie wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Leo tuongeze kwamba hata daftari lenyewe, likiwa moja tu, laweza kuisha bila habari.

Wapendwa, Kanisa si geni katika jambo hili. Katika Kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 36, tunasoma jinsi mfalme Yehoyakimu alivyoukata na kuuchoma motoni ule ukunjo ulioandikwa na Baruku kwa maneno ya nabii. Yeremia aliagizwa kuchukua ukunjo mwingine, naye Baruku akaandika tena yote. Katika sura ya 32 ya kitabu hicho hicho, Yeremia anaponunua shamba, zinatajwa hati mbili za ununuzi, moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi, na zote zinawekwa ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Hapo tunaona nakala mbili, chombo imara, na nia ya kuwafikiria watakaokuja baadaye.

Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza kila paroko awe na kitabu cha kuandika majina ya wanandoa na mashahidi, pamoja na siku na mahali ndoa ilipofungwa, na akitunze kwa uangalifu. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917 ulikwenda mbali zaidi: Kanuni ya 470 iliwataka maparoko kupeleka katika ofisi ya Askofu, kila mwisho wa mwaka, nakala halisi ya vitabu vya parokia, isipokuwa kile cha hali ya waamini. Sheria tuliyonayo sasa, ya mwaka 1983, inaagiza katika Kanuni ya 491 kwamba orodha za kumbukumbu za makanisa, yakiwemo ya parokia, ziandikwe katika nakala mbili: moja ibaki katika hifadhi ya kanisa husika, nyingine katika hifadhi ya jimbo. Waliotunga sheria hizi walijua kwamba nyumba huungua, vita hutokea, na mchwa hali kwa kuchagua. Kinachoandikwa mahali pamoja tu kimeachwa mikononi mwa bahati.

Hata nje ya Kanisa, pwani yetu inatoa ushuhuda uleule. Sehemu ya mashairi ya kale ya Kiswahili tunayo leo kwa sababu palikuwa na watu waliokaa chini na kunakili kwa mkono. Mmoja wao ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alinakili tenzi na mashairi mengi kwa hati zake nzuri za Kiarabu. Baadhi ya nakala hizo zimehifadhiwa hadi leo London. Laiti kazi hizo zingebaki katika karatasi moja moja, ndani ya hewa ya chumvi ya visiwani, ni ngapi tungezisoma leo?

Labda mtu atasema kwamba siku hizi mambo ni tofauti, kwa kuwa makampuni makubwa yanatutunzia kila kitu. Ndugu yangu, hata wakubwa hupoteza. Mwaka 1998, watengenezaji wa filamu ya katuni ya Toy Story 2 huko Marekani walishuhudia amri moja ya kompyuta ikifuta sehemu kubwa ya kazi yao. Walipoiendea akiba yao wakakuta kwamba haikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa katika kompyuta ya Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo, ambaye alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa hifadhi ya taarifa ya kampuni. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala, na hakuna hata moja iliyofanya kazi kama walivyotarajia. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla. Mwezi Machi 2019, mtandao wa Myspace ulikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu kabla huenda zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Na tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la mitambo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza taarifa zao moja kwa moja.

Sisemi haya ili tuogope kutumia hifadhi za mtandaoni, ambazo wengi huziita wingu. Zina faida kubwa, hasa simu inapoibwa. Lakini tuzielewe zilivyo. Wingu si mbinguni. Ni kompyuta ya mtu mwingine, mahali fulani duniani, yenye masharti yake. Tangu Desemba 2023, kampuni ya Google ina utaratibu wa kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Nafasi ya bure ina kikomo, na ikijaa, simu huacha kutuma picha mpya bila mwenyewe kuzingatia ule ujumbe mdogo unaomwonya. Tena, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo, aliye na vyote mtandaoni hana chochote mkononi. Zaidi ya yote, programu nyingi za simu hufanya hifadhi ya mtandaoni ifanane na simu yako: ukifuta picha kwenye simu, inafutwa na kule. Huko ni kuwa na kioo, si kuwa na akiba. Kioo huonyesha ulicho nacho sasa, lakini akiba hukurudishia ulichokipoteza.

Je, tufanye nini? Wataalamu wana kanuni fupi iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, inayoitwa 3-2-1. Maana yake ni kuwa na nakala tatu za kila kilicho muhimu, katika aina mbili tofauti za vifaa, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine mbali na nyumbani. Kwa mwamini wa kawaida, naomba tulitafsiri hivi.

Kwanza, tuchague. Si kila picha ya sahani ya chakula inastahili kudumu. Tuanze na yale yasiyoweza kupatikana tena: picha za watu tunaowapenda, sauti za wazee, vyeti, mikataba, kazi tulizozitunga wenyewe. Kwa watu wengi haya yote yanaenea katika flashi moja.

Pili, tunakili. Nakala moja ibaki kwenye simu au kompyuta. Nyingine iwekwe kwenye flashi au diski ya nje, ambayo ikishajazwa ichomolewe na kuwekwa kabatini. Kuichomoa ni muhimu. Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, vikifunga faili za watu na kudai fedha ili kuzifungua. Diski inayobaki imechomekwa wakati wote hufungwa pamoja na kompyuta yenyewe. Nakala ya tatu iende mbali: kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa mwenye uwezo wa kulipia bando, au kwa dada aliyeolewa mkoa mwingine, ndani ya bahasha. Na zile picha kumi tunazozipenda kuliko zote, tuzichapishe kwenye karatasi. Picha ya karatasi haihitaji chaji wala namba ya siri.

Tatu, tujaribu. Fundisho la GitLab ni kwamba nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Angalau mara moja kwa mwaka, tuchukue ile flashi, tufungue picha mbili tatu, tusikilize sauti moja, tuone kama vyote ni vizima. Flashi na diski huzeeka, na aina za vifaa hupitwa na wakati. Waliohifadhi mambo yao katika zile diski laini za miaka ya 1990 wanajua jinsi ilivyo vigumu leo kupata kompyuta ya kuzisoma. Kila baada ya miaka michache tuhamishie kwenye kifaa kipya.

Nne, tusisahau siri za watu. Kuzidisha nakala ni kuzidisha pia milango ya wizi. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inalinda jina jema la kila mtu na haki yake ya faragha, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Orodha ya wagonjwa wanaohitaji msaada, majina ya wanandoa walio katika matatizo, madeni ya wanachama wa kikundi: haya yasitupwe kwenye flashi inayozunguka steshenari hadi steshenari. Yawekewe neno la siri, na neno hilo lijulikane kwa mtu wa pili anayeaminika. Tena yako mambo ambayo wajibu wetu ni kuyafuta kabisa. Picha ya kumdhalilisha mwenzako haihitaji nakala.

Najua kuna pingamizi moja la kiroho, nami naliheshimu. Mtu anaweza kuuliza: je, si tumefundishwa tusijiwekee hazina duniani, panapoharibu nondo na kutu? Kwa nini tushikamane na picha na karatasi? Nadhani jibu liko katika kuuliza tunatunza kwa ajili ya nani. Anayelimbikiza picha elfu ishirini za uso wake mwenyewe, na kukosa usingizi zikipotea, ana jambo la kujichunguza. Lakini anayetunza sauti ya babu kwa ajili ya wajukuu ambao hawatamwona, au hati ya shamba ili yatima wasidhulumiwe, huyo hajilimbikizii chochote. Anakabidhi. Kujinyima vitu vyangu ni fadhila. Kuwanyima wengine vilivyo vyao kwa sababu ya uvivu wangu, kisha nikauita uvivu huo ufukara wa kiroho, si fadhila.

Wengine watasema ni gharama. Ni kweli kwamba si kila nyumba ina kompyuta, na fedha ya bando kwa wengi ndiyo fedha ya mboga. Hapa ndipo undugu unapopata kazi. Jumuiya ndogondogo inaweza kununua flashi moja kwa kuchangiana na kuitumia kwa hati za jumuiya nzima. Vijana wetu wa TYCS na VIWAWA, ambao vidole vyao vinajua simu kuliko vyetu, wanaweza kujitolea Dominika moja baada ya Misa kuwasaidia wazee kuhamisha picha zao. Saa mbili za kijana zinaweza kuokoa historia ya miaka themanini.

Maoni yangu ni kwamba katika vyama vyetu jambo hili lisiachwe kwa hiari ya mtu mmoja. Kwaya ngapi zina nota za nyimbo zao zote katika kompyuta ya mwalimu mmoja tu? Mwalimu akihamishwa kikazi, au kompyuta ikiibwa, kazi ya miaka kumi na mitano inaondoka. Jumuiya ngapi zina orodha ya michango ya ujenzi katika simu ya mweka hazina peke yake? Siku simu hiyo inapopotea, hupotea pia amani: wanaanza kunong'onezana, na mtu mwaminifu anatazamwa kama mwizi kwa sababu hana cha kuonyesha. Nakala ya pili kwa katibu ingemlinda mweka hazina kuliko mtu mwingine yeyote. Napendekeza kila kwaya, kila chama cha kitume na kila jumuiya iwe na watu wawili wanaotunza nakala, wasioishi nyumba moja, na kila mwisho wa mwaka wathibitishe mbele ya viongozi wenzao kwamba nakala hizo ni nzima. Ni ule utaratibu wa mwaka 1917, umevaa nguo za leo.

Wapendwa, tarehe 31 Machi, tangu mwaka 2011, huadhimishwa katika nchi mbalimbali kama siku ya kukumbushana kuweka nakala za akiba. Sisi hatuna haja ya kuisubiri. Juma hili, kabla ya Dominika ijayo, kila mmoja wetu achague kitu kimoja ambacho hakina nakala na ambacho kikipotea mtu mwingine atalia. Akitumie, akinakili, au akichapishe. Kisha amwambie mtu mmoja nyumbani mahali kilipo.

Nawatakia juma jema lenye baraka tele.

Wenu katika Kristo,
Paroko